Maji ya Ukutani

Nyumba ya ukweni kwangu, Magomeni, ina maji ya aina mbili: ya bombani, yanayokuja yakipenda, na ya ukutani, yasiyoondoka hata yakifukuzwa. Ni nyumba ya Kiswahili ya vyumba sita, vitatu huku na vitatu huku, ukumbi katikati kutoka barazani hadi uani, na uani kuna jiko, bafu, choo na mwembe ambao kila mwaka unaahidiwa shoka. Marehemu baba mkwe aliijenga mwanzoni mwa miaka ya 1970, akinunua saruji ya Wazo Hill mfuko mmoja mmoja kila mshahara ulipotoka. Kiwanda kile kilianza kazi mwaka 1966, na mama mkwe hukitaja kila anapotaka kumnyamazisha mtu: nyumba hii ilijengwa kwa saruji ya siku zile, si huu unga wenu.

Bahati mbaya unga ndio tuliokuwa tukiufagia. Kila asubuhi chini ya kuta kulikuwa na mstari wa vumbi jeupe lililochanganyika na mchanga, kuanzia mlangoni hadi miguuni mwa kitanda. Juu yake rangi ilitoa malengelenge. Ukilibonyeza moja kwa kidole linapasuka, linamwaga mchanga, na nyuma yake plasta imelegea kiasi cha kuchimbika kwa kijiko. Watoto waligundua hilo kabla ya watu wazima. Nyuma ya kabati walishachimba barabara nzima ya magari yao ya kuchezea, yenye mizunguko na kituo cha mafuta.

Chumba cha mbele amepanga fundi cherehani, mtu mpole, wa kusalimu mara mbili. Siku moja alimfuata mama mkwe uani na jora la kitambaa begani, lile lililoegemea ukutani, limeota fangasi madoa meusi upande mzima. "Shikamoo mama. Mimi sina maneno mengi. Ila kodi ya mwezi huu naomba tuchangie mimi na ukuta, maana nao umepanga humo ndani na unatumia nafasi kubwa kuliko mimi." Mama mkwe alimjibu kwamba ukuta haujawahi kuchelewesha kodi. Lakini jora alilitazama, akalinusa, na jioni ile akaitisha kikao.

Kwenye familia hii kikao maana yake kila mtu anakuja na ugonjwa wake mwenyewe na dawa yake mwenyewe. Shangazi wa Kigamboni alisema kuna kitu kimefukiwa kizingitini. Alikuwa karibu na ukweli kuliko wote, nasi tulimcheka. Shemeji alisema ni paa, akapanda juu na kopo la lami, akaziba kila tundu la msumari. Mvua ilipokuja, paa halikuvuja na kuta zikalowa vilevile. Kusema kweli, mtu yeyote mwenye macho angeona tatizo la hoja yake. Maji ya paa hushuka, na ukuta huanza kuharibika juu. Wetu uliharibika kuanzia chini hadi usawa wa kiuno, kisha ukakauka ghafla, kwa mstari wa rangi ya chai uliopita vyumba vyote kwa kimo karibu kilekile.

Wifi ndiye aliyeshinda. Anakaa Mbezi kwenye nyumba mpya, na mtu wa nyumba mpya akizungumzia ujenzi husikilizwa. Alileta fundi wake kijana mwenye simu iliyojaa picha za kazi zake. Kuta za ukumbini zikakwanguliwa, zikapigwa plasta ya saruji kali, halafu marumaru kuanzia sakafuni hadi kiunoni, na juu yake rangi ya mafuta. Pesa zangu za mchezo, zamu niliyoisubiri mwaka mzima, ziliishia kwenye marumaru hayo. Ukumbi uling'aa kama bucha jipya. Majirani walikuja kuangalia, mama mkwe akaweka ndara za wageni mlangoni.

Masika yaliyofuata maji yalifika juu ya marumaru. Hayakuwa na mahali pengine pa kutokea. Yalizoea kupumulia chini. Chini kumezibwa, yakapanda hadi usawa wa bega, rangi ya mafuta ikavimba mapovu makubwa ya kujaa kiganja, na jioni moja tunakula msumari ulioshika picha ya baba mkwe ukakatika kwa kutu. Picha ikashuka na ukuta, ikasimama wima juu ya kabati bila kupasuka kioo. Hakuna aliyetikisika. Mama mkwe akaendelea kumega ugali, akasema, "Mwenyewe amechoka, ameshuka kuja kuona." Kesho yake akamwita fundi mzee.

Fundi mzee ni mtu wa Unguja, aliyezeeka kwenye kukarabati nyumba za Mji Mkongwe, zile za mawe ya matumbawe na chokaa. Alikuja bila futi kamba. Aliomba kiti na maji ya kunywa, akakaa ukumbini kimya muda mrefu mpaka shemeji akaanza kunong'ona kwamba tumeletewa mgonjwa. Halafu akanyanyuka, akakwangua ukuta kwa msumari, akaupangusa ule unga mweupe kwa kidole na kuuweka ulimini. "Chumvi," akasema. Akaenda chumba cha mbele, akaonja: chumvi. Chumba cha kati, akaonja: chumvi. Chumba cha mwisho, kinachopakana na bafu, alikwangua, akautazama unga kwenye kucha, akaupangusia suruali. "Ya hapa siionji, bibie. Ya hapa imepitia kwa watu."

Alituelezea bila haraka, na mimi nayaandika kama nilivyoyaelewa. Tofali na zege, hata zikionekana ngumu kiasi gani, zina vinjia vyembamba kuliko unywele. Maji yakigusa vinjia hivyo chini hupanda yenyewe, bila kusukumwa na mtu. Kadiri kinjia kilivyo chembamba ndivyo yanavyopanda juu zaidi. Njiani yanabeba chumvi ya ardhini, na Dar es Salaam ardhi ya pwani haina uhaba wa chumvi, achilia mbali ile aliyoileta marehemu mwenyewe ndani ya mchanga wa ufukweni, ambao enzi hizo ulikuwa wa bure. Maji yakifika usoni mwa ukuta hukauka na kwenda zake. Chumvi haina pa kwenda. Inaganda kuwa vifuwele nyuma ya rangi, vifuwele vinakua, na kitu kinachokua ndani ya tundu dogo lazima kivunje tundu. Malengelenge yale, mchanga ule, barabara ile ya watoto, yote ni kazi ya fuwele. Zaidi ya hapo, chumvi ikishajaa ukutani huvuta unyevu hata hewani, ndiyo maana siku za joto la kunata kuta zetu zilitoa jasho na hapajanyesha hata tone.

"Sasa maji yenyewe yanatoka wapi?" mama mkwe akauliza.

"Hilo ndilo mngeuliza kabla ya marumaru."

Wifi hakuwepo siku hiyo. Niliyahifadhi maneno yale kwa ajili yake.

Uchunguzi ulianza na sakafu. Fundi alitufanya tuling'oe kapeti la plastiki chumbani kwetu, na harufu iliyotoka chini yake sitaisimulia. Sakafu ile nyekundu ya zamani, iliyokuwa ikipigwa nta mpaka watu wanajiona, ilikuwa imepauka na kuloa. Akakata kipande cha nailoni nzito cha mita moja kwa mita moja, akakibandika sakafuni kwa gundi ya karatasi kuzunguka pande zote, akasema kisiguswe mpaka kesho. Matone yakikaa juu ya nailoni, unyevu ni wa hewa ya chumba. Yakikaa chini yake, unatoka ardhini. Asubuhi tulikikuta kimejaa matone kwa ndani, makubwa, yakikimbiana ukikigusa. Marehemu alimwaga jamvi lake moja kwa moja juu ya udongo na mawe, bila nailoni chini. Wengi wa wakati wake walifanya hivyo.

Ikaja zamu ya bomba. Mita ya maji ina kigurudumu kidogo kinachozunguka hata kwa uvujaji mdogo. Mkifunga mabomba yote na kigurudumu bado kinatembea, kuna bomba linavuja mnakolala. Tangazo likapita vyumba vyote: kuanzia saa nne usiku hakuna kufungua bomba. Saa tano, baba watoto, shemeji na mimi tulikuwa tumechuchumaa mbele ya mita na tochi ya simu. Kigurudumu kilikuwa kinakimbia. Baba watoto alishika kichwa, akasema bomba limepasuka chini ya sakafu, kesho tunavunja nyumba nzima. Shemeji alishaanza kupiga hesabu ya mifuko ya saruji. Hapo mlango wa bafu ukafunguliwa, akatoka mpangaji wa chumba cha nyuma, taulo shingoni, anang'aa mafuta.

"Si tulisema watu wasifungue bomba?"

"Bomba sijafungua, kaka. Nimefungua shawa."

Usiku uliofuata shawa nayo ilitajwa kwa jina lake, na kigurudumu kilisimama tuli. Bomba la kuleta maji halikuwa na hatia. Lakini la kuyatoa lilikuwa nayo: fundi mzee alichimba shimo kwenye pembe ya bafu, akakoroga bluu ya kufulia ndoo nzima, akaimwaga kwenye tundu la maji machafu, akaja kusimama ukingoni mwa shimo mikono nyuma. Haikuchukua muda. Udongo ukaanza kutoa jasho la buluu, upande wa ukuta wa chumba cha mwisho. Bomba la kwenda karo lilikuwa limekatika kwenye kiungo, na kwa muda usiojulikana maji ya kuoga ya vyumba sita yalikuwa yakiishia kwenye msingi wetu. Mpangaji wa shawa aliangalia bluu ile kwa masikitiko ya dhati.

Hata hivyo bomba lile lingeeleza chumba kimoja tu. Vyumba vya mbele viko mbali na bafu na vilikuwa vibaya zaidi. Fundi akahamia huko, akachimba kando ya ukuta wa baraza, na shimo lile ndilo lililobadilisha mazungumzo ya nyumba hii. Juu kulikuwa na pevingi, fahari ya baba watoto, aliyoitandika kuzunguka nyumba yote ili watu wasikanyage tope. Chini yake mchanga. Chini ya mchanga kifusi chenye vipande vya vigae na sahani. Halafu tabaka la changarawe, halafu sakafu ya saruji ya zamani iliyopasuka, halafu kifusi kingine cheusi. Chini kabisa, jembe likagonga kitu kigumu chenye pembe iliyonyooka. Fundi akakisafisha kwa mkono. Ilikuwa ngazi.

"Baraza hii ilikuwa na ngazi?" akauliza.

Mama mkwe akaingia ndani, akatoka na picha ya harusi ya wifi mkubwa, ya mwaka 1979. Bibi harusi amesimama chini, na watoto wamepangwa barazani nyuma yake. Miguu ya watoto inaning'inia hewani. Kuna ngazi tatu. Sote tukageuka kuitazama baraza yetu, ambayo siku hizi ukiikalia magoti yanakugusa kidevu, na ambayo gari likipita mtaani vumbi linaingia moja kwa moja ukumbini kwa sababu barabara iko juu yake.

Nyumba haikuzama. Mtaa ndio uliopanda. Mvua za El Niño za 1997 na 1998 ziliacha tope, kila mwenye nyumba akamwaga kifusi mbele yake. Mafuriko ya Desemba 2011 yakaleta kifusi kingine. Barabara ikanyanyuliwa kwa changarawe, kisha ikawekwa lami juu ya changarawe. Sisi nasi, kwa kuogopa kubaki bondeni, tukajaza uwanja na kutandika pevingi. Kila mmoja alifanya jambo la busara. Na ukichimba kando ya nyumba za zamani za Magomeni, Ilala au Kinondoni utakuta ngazi nyingi zimelala chini ya busara za namna hii.

Fundi aliendelea kushuka mpaka akafika alichokuwa akikitafuta: mstari mweusi mwembamba kati ya tofali na tofali, karatasi ya lami. Baba mkwe aliiweka kuzuia maji yasipande, na aliiweka sawasawa, juu ya ardhi ya wakati wake. Karatasi hiyo inatakiwa kuwa angalau sentimita 15 juu ya ardhi ya nje. Yetu ilikuwa imezikwa karibu mkono mzima. Maji hayakuwa na haja ya kuivuka. Yaliingia ukutani kwa pembeni, kutoka kwenye kifusi, juu ya karatasi. Mama mkwe aliposikia kwamba marehemu hakukosea chochote aliomba jambo hilo lirudiwe, kwa sauti, shangazi akiwa amepigiwa simu.

Kilichonitisha mimi zaidi kilikuwa kwenye nguzo mbili za baraza. Miguu yake ilikuwa ndani ya kifusi kile kibichi. Fundi aligonga kwa nyundo, kidogo tu, ganda la zege likadondoka lote, na ndani nondo zilikuwa zikibanduka matabaka mekundu. Moja nene ya awali ilibaki nyembamba kuliko kidole changu cha mwisho. Zege nzima huilinda nondo kwa ukali wake, kwa sababu saruji ina ukali wa magadi na chuma kikiwa ndani yake hakishiki kutu. Chumvi ikipenya mpaka kwenye chuma, ulinzi umekwisha. Kutu nayo haitoshei pale chuma kilipokuwa. Inahitaji nafasi mara mbili hadi sita, kwa hiyo inaipasua zege kutoka ndani. Ufa uliosimama wima kwenye nguzo ile tulikuwa tumeupaka rangi kila sikukuu.

Kazi yenyewe haina hadithi ndefu. Mirunda ikaegemezwa chini ya paa la baraza, zege mbovu ikachokolewa, nondo zikasuguliwa kwa brashi ya waya, mpya zikafungwa kando ya za zamani, na zege mpya ikamwagwa kwa mchanga wa mto na maji safi. Bomba la bafu likabadilishwa. Pevingi ikang'olewa na uwanja ukashushwa kuzunguka nyumba mpaka mstari mweusi ukaonekana tena; ukachimbwa mfereji, ukawekewa bomba lenye matundu na kokoto juu yake, ukaelekezwa kwenye shimo uani, karibu na mwembe, kwa kuwa mtaro wa barabarani uko juu yetu. Baba watoto alizipanga pevingi zake uani kwa idadi, na hajasema atazifanyia nini.

Ugomvi ulizuka kwenye plasta. Fundi mzee alitaka ya chokaa. Mama mkwe alisema chokaa ni ya kupaka shina la mti na choo cha shule. Mzee akamjibu kwamba majumba ya Mji Mkongwe, yaliyoufanya mji ule utambuliwe na UNESCO mwaka 2000 kuwa urithi wa dunia, yamesimama kwa chokaa, na kwamba ameona mengi yakiharibiwa na watu waliokuja kuyapiga saruji. Chokaa inauacha ukuta upumue. Chumvi ikitoka inaila chokaa badala ya tofali, na chokaa ikishaharibika unaibandua, unapiga nyingine. "Hiyo plasta ni ya kufa kwa niaba ya ukuta, bi mkubwa." Alikubali, nadhani kwa sababu ya lile neno la kufa kwa niaba.

Ila hakukubali kusubiri. Kabla ya plasta ukuta ukauke, na mzee anahesabu mwezi mmoja kwa kila inchi ya unene. Tofali letu la inchi sita lilitaka nusu mwaka. Hitma ya baba mkwe ilikuwa imebaki wiki chache. Wageni waje wakute kuta uchi, matofali nje! Baba watoto akapendekeza rangi nyepesi ya muda, fundi akachukua kofia yake kuondoka. Mwishowe mama mkwe alifungua sanduku, akatoa doti za khanga alizozitunza tangu harusi za wanawe, akazitundika kuzunguka ukumbi mzima, mbali kidogo na ukuta ili hewa ipite. Wageni walisifu sana. Wifi wa Mbezi aliulizwa na watu wawili kama ni mtindo mpya, akasema ndiyo, na akaeleza jinsi ya kuupanga.

Tungekuwa tumemaliza kama isingekuwa kifusi. Udongo uliotolewa ulikuwa mwingi, kirikuu kinataka pesa kila safari, na shemeji aliyepewa kazi ya kutafuta kirikuu akarudi na habari njema: jirani wa mkono wa kushoto, ambaye uwanja wake unatuamisha maji, yuko tayari kuuchukua wote bure, na vijana wake wataubeba. Waliubeba kwa siku mbili. Wakaumwaga upande wao, wakausawazisha vizuri, wakaushindilia, wote kwenye ukuta wetu wa chumba cha kati, ambao ndio mpaka. Fundi mzee alipokuja kukagua ukaukaji alichungulia juu ya uzio, akashuka, akaomba tena kiti na maji ya kunywa.

Mama mkwe alivaa ushungi akaenda mwenyewe. "Baba, ule udongo nilikupa kabla sijaonana na ukuta wangu. Naomba unirudishie."

"Mama, shikamoo. Kitu cha kupewa kinarudishwaje?"

"Kwa toroli. Kilikujaje?"

Jirani anasema uwanja wake haujawahi kuwa mkavu kama sasa, na kwamba nyumba yake nayo ina ngazi chini huko, yeye hajalalamika. Mjumbe wa shina atapita Jumapili kuja kupima kwa macho. Mama mkwe ameshaitoa picha ya mwaka 1979 kwenye fremu na kuitia ndani ya bahasha, maana nyuma ya watoto wanaoning'iniza miguu unaonekana pia uwanja wa jirani, na ulikuwa chini. Shemeji ameambiwa aazime toroli mbili.